Maharagwe Thelathini na Saba Yaliyokataa Kuiva

Nilistaafu mwezi uliopita, na tayari mume wangu ameniuliza mara tatu kama hakuna ofisi yoyote Nakuru hii inayotafuta mtu wa kujitolea. Anasema nikikaa nyumbani ninamwangalia sana. Ni kweli, namwangalia. Kwa miaka ishirini na saba kazi yangu ilikuwa kuingia nyumba za watu, kuketi, kuangalia, kisha kuandika pombe au bangi au vidonge vimemuumiza nani na kwa kiasi gani. Tabia hiyo haikutoka siku niliyorudisha funguo za ofisi.

Ninyi vijana mliobaki pale mliniomba niwaachie maandishi kuhusu kazi. Nadhani mlitaka mambo ya sera. Sera mnazo kabati zima, na panya wamezisoma kuliko ninyi. Mimi nitawaandikia kuhusu mkebe wa maharagwe, kwa sababu siku ya kuniaga nilimwona mmoja wenu (sitamtaja, lakini ana miwani) akiushika kwa vidole viwili huku akitafuta pipa la taka kwa macho.

Nilianza kazi nikiwa na diploma mpya, viatu vipya na fomu ya kurasa kumi na moja. Iliitwa Fomu ya Tathmini ya Madhara, na ilikuwa na maswali ambayo binadamu hawajawahi kuulizana tangu dunia iumbwe. "Je, matumizi yako yameathiri utekelezaji wa majukumu yako ya kijamii?" Mimi nimezaliwa landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli hapa hapa Nakuru, babu yangu alitoka Bungoma kuja kufanya kazi ya reli, na hakuna mtu landi niliyewahi kumsikia akitekeleza jukumu la kijamii. Watu walikuwa wanalipa karo na kuzika wafu wao.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mzee mmoja fundi wa viatu, mnywaji wa chang'aa wa siku nyingi. Alinikaribisha vizuri, akanipangusia kiti kwa koti lake, akajibu ndiyo kwa kila swali. Nilijaza kurasa kumi na moja za ndiyo. Nilipofika ofisini nikagundua alikuwa amekubali hata lile swali la ukurasa wa tisa, kwamba ana mimba. Nikarudi.

"Mzee, mbona ulisema ndiyo kwa hiyo ya mimba?"

"Madam, umetoka huko town na hii jua yote," akasema, amenihurumia kabisa. "Ningekuaibisha aje kwa nyumba yangu?"

Mkubwa wangu wakati huo alikuwa mzee Langat, muuguzi wa zamani kutoka Londiani, aliyevaa sweta moja ya kijani Januari hadi Desemba. Alisoma fomu yangu, akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaniambia maneno ambayo sijayaona kwenye kitabu chochote cha mafunzo. "Nekesa, hapa kwetu mtu hamnyimi mgeni kitu. Ukimuuliza kama ana madhara atakupatia. Ukimuuliza kama hana, hiyo pia atakupatia." Akafungua droo, akatoa mkebe wa mafuta ya kupikia uliojaa maharagwe.

Yalikuwa maharagwe makubwa meupe yenye doa la kahawia, mbegu ya shambani kwake ambayo sijaiona kwingine. Pamoja nayo alikuwa na bakuli tatu za plastiki. Ya bluu ilikuwa ya mwili wa mtumiaji mwenyewe. Nyekundu ilikuwa ya nyumba yake. Ya njano ilikuwa ya majirani na watu wa kazini. Unawakusanya wanaomjua, pamoja na yeye mwenyewe, unampa kila mmoja maharagwe kumi. Bakuli zinawekwa chumba cha ndani, chini ya kitambaa, na kila mtu anaingia peke yake na kuyatia pale anapoona panauma. Kumi ni kwa sababu ya vidole: hata asiyejua kusoma anajua kama amepewa yote. Baadaye unahesabu kwa sauti, mbele ya watu, na mtu asiyekubali anahesabu tena mwenyewe.

Na kulikuwa na sheria moja zaidi. Ukiona harage lako halina pa kwenda, unamrudishia mwenye mkebe mkononi, unamwangalia machoni, unasema, "Hili halina kazi." Langat aliijua jamii yake. Watu wetu watadanganya fomu mchana kutwa, lakini kumrudishia mgeni kitu alichokuletea, na kumwambia hakina kazi, hiyo ni dharau kubwa. Ukiona mtu amerudisha harage, ujue amesema kweli, na imemgharimu.

Msidhani niliuelewa mkebe huo mara moja. Wiki ya pili Langat alikuwa ameenda nao Molo, nami nikatumwa peke yangu kwa familia moja ya kijana mvuta bangi. Nikajiambia, harage ni harage tu, nikanunua njugu karanga za kukaanga pale stendi. Nyanya wa yule kijana aliingia chumbani na kumi zake, akakaa humo muda mrefu sana. Wengine wakaingia baada yake. Nilipofunua kitambaa, bakuli mbili zilikuwa tupu na ya njano ilikuwa na maganda. Nikaandika kwa mwandiko mzuri: hakuna madhara yaliyoonekana. Langat aliisoma ripoti mara mbili. "Nekesa, hiyo si tathmini," akasema. "Ulipelekea watu bitings."

Baada ya hapo nilibeba maharagwe mabichi, na yakanifunza. Kulikuwa na nyumba moja Milimani, ya mama aliyekuwa anameza vidonge vya usingizi saa nne asubuhi. Mume wake alipiga simu kwamba yuko mkutanoni na kwamba anamtuma dereva amwekee maharagwe yake. Dereva alifika na maagizo. "Boss amesema niweke tano kwa hiyo ya bluu, tano nirudishe." Akayafanya hayo yote kwa utiifu. Kisha akakohoa. "Madam, na mimi siwezi pewa zangu?" Nikampa. Akayatia yote kumi kwenye nyekundu, kwa sababu ni yeye aliyekuwa anapigiwa simu na walimu kwamba watoto wamesahaulika getini. Mume aliporudi alitaka kujua dereva wake alipata wapi haki ya kupiga kura. Nikamwambia aliipata barabarani.

Naivasha nako nilimfanyia tathmini msimamizi wa watu wanaofunga maua, mtafunaji wa muguka, yale majani ya miraa. Nilitarajia madhara ya mwili, usingizi, moyo kwenda mbio. Watu sita wa kazini kwake walitia maharagwe sitini kwenye bakuli ya njano bila kubakisha. "Anaongea, madam," wakaniambia. "Sisi tunafunga maua, yeye anaongea. Hata ukienda choo anakungoja na ile sentensi." Mke wake alinirudishia mkononi maharagwe yake yote. Akaniangalia machoni, akasema nyumbani hana shida, kwa sababu akifika huwa ameishiwa maneno. Tangu siku hiyo sijawahi kuandika madhara ya mtu kabla ya kujua ameyamwagia wapi.

Sasa niwaambie ya Elburgon, ambayo ndiyo sababu naandika.

Langat alikuwa amestaafu kwenda kwa ng'ombe wake, ameniachia mkebe na maharagwe yale yale. Yalikuwa na zaidi ya miaka kumi. Yalikuwa yameng'aa kwa kushikwa na mikono ya watu wenye wasiwasi. Nikaitwa Elburgon na mwanamke aliyeitwa Mama Shiro, mwenye kiwanda cha kupasua mbao. Elburgon ni mji wa mbao, na ukisalimiana na wazee wake unajifunza kutoshangaa unachokishika.

Mtu aliyeniitia alikuwa Barasa, mwendeshaji wa msumeno mkubwa wa mviringo. Alikuwa hodari, mpole, na alikuwa anakunywa chang'aa kila asubuhi kabla ya kazi ili mikono iache kutetemeka. Wiki ile msumeno ulikuwa umemchana glavu ya kushoto. Glavu tu. Mama Shiro aliniwekea glavu mezani na kuisukuma kwangu.

"Madam, mimi sitaki hadithi," akasema. "Nipatie namba. Hiyo maharagwe yako ikivuka nusu, Barasa aende nyumbani kabisa. Isipovuka, Monday arudi kwa msumeno. Mbao ikiwa na damu nani atanunua?"

Nikamwambia damu yenyewe pia ni tatizo. Akasema hiyo nayo alikuwa anaifikia.

Kwa hiyo nyumbani kwa Barasa wote walijua mambo yalivyo. Namba kubwa, baba anapoteza kazi. Namba ndogo, anarudi msumenoni. Walikuwa watano: Barasa mwenyewe, mke wake Sella, mama yake mzazi, jirani aliyeitwa Mama Wambui, na mjomba wake mzee Wafula, ambaye alikuwa amefanya kazi kiwanda hicho hicho miaka mingi na kustaafu na vidole saba. Nilipomhesabia kumi, alinirudishia matatu.

"Mimi nipatie saba," akasema. "Sipendi kubeba za wenyewe."

Nikamwachia saba. Jumla ikawa arobaini na saba, nikaiandika kwenye daftari mbele yao. Nadhani hawakuona, au waliona wakafikiri naandika tarehe.

Wakaanza kuingia chumbani mmoja mmoja. Mama mzee aliingia akaomba kwa sauti, akawaombea hata viongozi wa serikali, kisha akatoka akaenda jikoni kuangalia moto. Mama Wambui akaingia, akatoka, akaenda kuangalia moto. Mzee Wafula akaingia, akatoka amejishika mfuko wa koti, naye akaenda kuangalia moto, na nina hakika mzee yule hakuwa ameingia jikoni tangu alipooa. Sella alikuwa huko huko. Barasa aliingia wa mwisho. Hakukawia. Alitoka jasho likimtiririka, akakaa karibu na mlango. Yeye peke yake hakujali moto.

Nilihesabu kwa sauti. Bluu, hakuna. Njano, hakuna. Nyekundu, kumi.

"Kumi!" Mzee Wafula akapiga goti lake. "Kumi peke yake! Kwani hiyo ni kitu?"

"Mungu ni mwema," akasema mama mzee.

"Niligawa arobaini na saba," nikasema. "Thelathini na saba yako wapi?"

Mzee Wafula akaangalia paa. Mama Wambui akasema labda yameanguka. Mama mzee akafikiri kidogo, akasema hapo kwao kuna panya mbaya sana, panya wa msitu. Nikasema panya hao wamefanya kazi kwa haraka. Akakubaliana nami kwamba ndiyo ubaya wao.

Kabla sijauliza zaidi Sella akaingia na sufuria ya githeri. "Madam, hauwezi enda bila kukula." Hapo ninyi mnajua sheria. Hakuna afisa yeyote wa Bonde la Ufa aliyewahi kutoka nyumba yenye sufuria mezani akabaki na kazi yake. Nikapakuliwa sahani ya mgeni, ile yenye mlima. Nikaomba, nikatia kijiko mdomoni, nikauma, na jino langu la nyuma likalia ko!

Nikatoa kitu hicho taratibu kwa ulimi. Mahindi yalikuwa yameiva vizuri, na maharagwe mekundu ya Sella pia yalikuwa laini kabisa. Hiki kilikuwa cheupe, chenye doa la kahawia, kigumu vile kilivyotoka kwenye mkebe. Nikakiweka pembeni ya sahani. Nikatafuna tena. Ko! Nikasikia ko! nyingine kwa upande wa mzee Wafula, na mzee yule hakuwa na meno ya kuchezea. Alijikaza, akaangalia mbele. Mama Wambui aliacha kutafuna kabisa, akameza moja na maji, mtu na dawa yake. Mama mzee alikuwa ameyaficha shavuni. Kila mtu mezani alikuwa anauma mawe, na kila mtu alikuwa anasifu chakula.

"Imeiva vizuri," akasema mzee Wafula, macho yamemlowa.

"Sella," nikasema, "haya maharagwe meupe yametoka wapi?"

"Kwa shamba, madam."

"Yana doa la kahawia."

"Ni mbegu mpya. Ile ya hybrid."

Nikaendelea kuyapanga pembeni ya sahani, kumi, kumi na moja, kumi na mbili, mpaka yakazunguka sahani nzima. Yaliyokuwa kwenye sahani za wenzangu nikawaomba wanipe, wakayatoa mmoja mmoja kama wanafunzi walionyang'anywa peremende. Mama mzee alitoa manne shavuni. Yalifika thelathini na sita. Moja sikulipata, na sikutaka kumuuliza Mama Wambui kuhusu jambo hilo.

"Sella, mwambie tu," akasema mama mzee, ambaye sasa aliweza kuongea.

Sella akaweka mikono kiunoni. "Sasa madam, mgeni akileta chakula kwa nyumba yako si unapika? Ama nikurudishie kwa mkono, nikuambie hii kitu yako haina kazi, kama mtu hajafunzwa?"

Nikacheka. Nisiwadanganye, nilicheka mpaka nikashika meza. Walikuwa wameshindwa kusema uongo wa kurudisha, wakashindwa kusema ukweli wa kutia, kwa hiyo walipika madhara ya Barasa na kumwandalia mgeni. Kwa heshima zote. Mzee Wafula akacheka, Mama Wambui akacheka akapaliwa. Kisha nikamwona Barasa. Hakuwa anacheka, wala hakuwa amegusa sahani yake.

Ndipo akili yangu ikarudi kazini. Thelathini na saba yalikuwa ya watu wanne. Kumi yalikuwa kwenye bakuli nyekundu.

"Yale kumi ni ya nani?" nikauliza.

Wote wakaanza kuapa kwa pamoja. Si zangu. Haki ya Mungu si zangu. Mama Wambui akasema yeye zake alizipeleka jikoni na mkono wake, kila mtu alimwona. Wakawa wanatazamana kana kwamba kuna mwizi ndani ya nyumba.

"Ni zangu," akasema Barasa.

Sella akamgeukia. "Baba Mercy?"

"Ni zangu zote." Alikuwa anaongea akiangalia mikono yake. "Nyinyi mnataka nirudi Monday. Mimi ndio nasimama hapo. Nikikunywa, mkono inatulia lakini macho inapotea. Nisipokunywa, mkono inatetemeka mpaka mbao inasikia. Hiyo glavu ilikuwa mwanzo tu. Monday nitakatwa."

"Na mbona zote kwa nyekundu?" nikamuuliza. "Mbona hukutia hata moja kwa bluu, ya mwili wako?"

"Juu nikikatwa, madam, mkono ni yangu. Njaa ni ya hawa."

Nilikuwa nimecheka dakika moja iliyopita, na niliona aibu ambayo bado ninayo. Familia nzima ilikuwa imeuma mawe ili arudi msumenoni, na yeye peke yake, mlevi wa nyumba, ndiye aliyetia maharagwe yake mahali yanapotiwa. Sella hakulia. Aliokota kijiko, akakiweka, akakiokota tena. "Na Mercy ataenda shule na nini?" akamuuliza mume wake. "Na hizi maharagwe?" Lilikuwa swali la haki.

Kanuni mnaijua: unaandika kilichopatikana kwenye bakuli. Kumi kwa arobaini na saba, chini ya nusu, na kila mtu angenishukuru mpaka Jumatatu saa mbili asubuhi. Niliandika arobaini na saba kwa arobaini na saba. Nikaeleza kwamba thelathini na saba yalipikwa kwenye githeri, na kwamba mtu hapiki kitu ambacho hakipo. Sella alinisindikiza mpaka kwenye gari, maana hata kwa hasira mgeni husindikizwa. "Umekula chakula yangu," akaniambia, "halafu unaenda kutumaliza." Nililia njia nzima hadi kiwandani. Dereva wa ofisi akajifanya anatafuta stesheni ya redio.

Nilimwekea Mama Shiro maharagwe yale mezani, ndani ya leso yangu, nikamweleza. Alichukua moja akaliuma. Akalitema.

"Na huyu alijiwekea mwenyewe? Zote kumi?"

"Zote kumi."

"Hapa kila mtu huniambia ako sawa," akasema. "Hata Wafula, siku ile alipoteza vidole, aliniambia ako sawa. Na mimi nilikuwa nimeshika kidole moja."

Nikamwomba asimfukuze, amtoe tu kwenye msumeno. Akasema yeye alisema nusu, na hapa ni yote, kwa hiyo sheria yake imevukwa mpaka imepotea. Nikasema sawa. Akasema mtu anayejua kusema haiko sawa, huyo hawezi kumpata mwingine haraka. Barasa angehamia kwenye shedi kupanga mbao zinazokauka, mbali na kitu chochote chenye meno, na kila Alhamisi angepewa ruhusa kuja kwenye kikundi chetu cha wanaoacha pombe. Siku akikosa kikundi, safari.

Hapa niandike jambo la kazi, mlishike. Mtu anayekunywa kila asubuhi kwa ajili ya mikono kutetemeka hakatazwi ghafla nyumbani kwa maombi na maziwa. Anaweza kuanguka kifafa, anaweza kufa. Tulianza na hospitali, akalazwa, daktari akamshusha polepole. Kikundi kilikuja baadaye. Alianguka tena mara mbili, na mara zote mbili alikuja Alhamisi akasema mwenyewe kabla sijauliza. Sella kwa zaidi ya mwaka mzima alinipa chai isiyo na sukari kila nilipowatembelea. Kwetu hiyo ni barua kamili, yenye muhuri.

Nilimpigia Langat simu kumweleza hasara ya maharagwe. Alicheka mpaka nikasikia ng'ombe wakishtuka. Kisha akawa makini. "Yalichemshwa kwa muda gani?"

"Karibu saa moja, mzee."

"Na hayakuiva hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Nilimwambia mke wangu hiyo ni mbegu mbaya," akasema. Akanitumia mengine ya mbegu hiyo hiyo, ndiyo yaliyo kwenye mkebe sasa. Nimeambiwa mmeletewa vishikwambi vya kuuliza maswali kwa kubonyeza. Vibebeni, sina ugomvi navyo. Lakini mtu wetu atakibonyezea kishikwambi ndiyo mpaka kwenye mimba. Mkebe ukiwa kabatini hauli chakula cha mtu.

Siku ya kuniaga mlikuwepo, kwa hiyo mliona keki, mkasikia hotuba, na mkaona saa ya ukutani niliyopewa sasa kwa kuwa sina mahali pa kuchelewa. Labda hamkuwajua wale watatu walioketi nyuma kabisa karibu na mlango. Mwanamke alikuwa na sufuria iliyofungwa kwa leso. Wakati wa chakula aliniletea sahani yeye mwenyewe, akasimama hapo mpaka nikatafuna. "Hii imeiva," akasema Sella. Kisha akanimiminia chai, akatia vijiko vitatu vya sukari, akakoroga.

Mfawidhi akatangaza kwamba kuna mgeni kutoka Elburgon wa kusema neno. Barasa si mtu wa maneno. Alipita katikati ya viti, akafika mezani kwangu mahali mlipokuwa mmeweka mkebe na bakuli kama pambo, akatandaza mikono yote miwili mbele yangu, vidole vimeachana.

"Hesabu, madam," akasema.

Nikahesabu kwa sauti, mbele ya watu, kama nilivyofunzwa, nikigusa kimoja kimoja. Nilipofika saba, mzee Wafula akapaza sauti kule nyuma, "Mimi ningeishia hapo!" na ukumbi mzima ukacheka. Nikangoja wanyamaze. Nane, nikasema. Tisa. Kumi.